Je, wajua? Kwa nini joto la ndimi za jua linapimwa kwa madishi yaliyo mlimani

Juzi usiku nasubiri mishikaki pale Magomeni, nikawa naangalia moshi. Ukiwa pembeni, nyuma yake giza, unaonekana mweupe unang'aa kwa mwanga wa taa, ila ukipita mbele ya taa yenyewe unaonekana mweusi, na ni moshi uleule!

Jua nalo lina kitu kama hicho. Kuna mawingu makubwa ya gesi yananing'inia juu yake, yakiwa ukingoni yanang'aa mekundu tunayaita prominensi, yani ndimi za jua, jua likijizungusha yakatokea mbele ya uso wake yanakuwa michirizi myeusi, tunayaita filamenti. Kitu kimoja, majina mawili. Mengine yana urefu wa laki kadhaa za kilomita, wakati dunia yetu upana wake ni kama kilomita 12,700 tu. Yanashikiliwa na sumaku ya jua wiki nzima, mengine miezi, alafu sumaku ikivurugika yanafyatuka, na yakija huku kwetu yanaweza kusumbua satelaiti na hata gridi za umeme.

Sasa hapa ndo pananivutia mimi. Hewa ya jua inayoyazunguka, yani korona, ina joto zaidi ya digrii milioni 1, lakini wingu lenyewe lina kama digrii 8,000 hivi. Limekaaje humo ndani bila kuchemka? Lazima kwanza ulipime joto vizuri, na mwanga wa kawaida unachanganya maana mwingi ni wa jua, umeligonga wingu ukatawanyika, kama ile taa na moshi. Mawimbi ya submilimita, yani mawimbi ya redio mafupi kuliko milimita 1, yanatoka kwenye gesi yenyewe pale elektroni zinapopita karibu na ioni (atomi zilizopoteza elektroni), na gesi ikiwa nzito ya kutosha mng'ao unaenda sambamba na joto, joto likiwa mara mbili nao unakuwa mara mbili. Wingu likiwa jepesi mawimbi yanapenya, so wanalinganisha mawimbi ya urefu tofauti.

Kwa Dar haiwezekani kabisa, mvuke huu unaotutoa jasho Kariakoo ndo unayameza mawimbi hayo kabla hayajafika chini. Ndo maana ALMA, darubini ya madishi ya kupokea mawimbi haya, yenye antena 66, iko Chile jangwani, mita kama 5,000 juu ya bahari, na imeanza kupokea maombi ya kuangalia jua 2016. Nyuso za antena zimetengenezwa zitawanye mwanga na joto la jua, la sivyo vifaa vingeungua.

Ila filamenti bado zinasumbua. Joto lake linakaribiana na la tabaka la jua lililo nyuma yake, kwa hiyo kwenye mawimbi haya ule mchirizi mweusi unafifia, mara nyingi huuoni vizuri mpaka wingu lirudi ukingoni.