Mtindi, togwa au chupa ya dukani? Maswali na majibu kuhusu vinywaji vya kuchachusha na afya ya utumbo

Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara na akina mama na akina baba wanaohudhuria masomo ya lishe. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa.

Swali: Hii probayotiki ndiyo nini hasa? Jirani ananiuzia chupa moja elfu kumi na tano, anasema inasafisha utumbo.

Jibu: Probayotiki ni vijidudu hai, hasa bakteria, ambao ukiwatumia kwa kiasi cha kutosha wanakuletea faida ya kiafya. Ndivyo wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, shirika la afya duniani, walivyokubaliana mwaka 2001. Shika mambo mawili hapo: wawe hai, na wawe wa kutosha. Chupa ikikosa moja, umenunua maji machachu.

Halafu, utumbo hausafishwi kama bomba la sinki. Humo wanaishi bakteria wengi mno wanaovunjavunja nyuzinyuzi za chakula, wanaotengeneza baadhi ya vitamini na kuwanyima nafasi wale waharibifu. Hao wanataka kulishwa: maharage, mboga za majani, matunda, dona. Kinywaji cha kuchachusha kinawaongezea nguvu, lakini hakishiki nafasi ya chakula. Hiyo elfu kumi na tano, dada yangu, inatosha kununua lita kadhaa za maziwa ukagandisha mwenyewe.

Swali: Nikinywa maziwa freshi tumbo linajaa gesi na naharisha, lakini mtindi haunisumbui. Nina ugonjwa?

Jibu: Huna. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi, na watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kuivunja baada ya utoto. Ikifika utumbo mpana haijavunjwa, bakteria wa huko wanaishambulia na gesi inajaa. Wapo waliosalimika: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa baadhi yao, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hadi uzeeni.

Kwa sisi wengine, bakteria wa mtindi wanatutangulia. Wanakula sehemu ya laktosi kabla hujanywa, na wakifika tumboni wakiwa hai wanaendelea kukusaidia. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ambayo imekataa madai mengi ya wauza probayotiki, ililikubali hili kuhusu yogati yenye bakteria hai.

Swali: Nikiwa mbele ya friji la dukani, nachaguaje?

Jibu: Geuza chupa, achana na picha za matunda. Tafuta maneno yanayosema kuna bakteria hai. Ukiona imechemshwa tena baada ya kuganda, ile inayokaa miezi juu ya rafu bila ubaridi, ni chakula, ndiyo, lakini bakteria wake wamekufa.

Kisha soma sukari, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Chukua chupa ya mililita 500 iliyoandikwa sukari gramu 13 kwa kila mililita 100. Hiyo ni gramu 65. Toa gramu 25 hivi za laktosi ya maziwa yenyewe. Zinabaki 40, yaani vijiko kumi vya chai vya sukari ya kuongezwa, ndani ya kinywaji ulichonunua kwa ajili ya afya! WHO mwaka 2015 ilishauri tupunguze sukari ya namna hiyo, ikiwezekana isizidi takribani gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Nunua mtindi mtupu. Ukitaka utamu, pondea ndizi mbivu.

Swali: Mtindi wa kibuyu anaouza mama wa mtaani si ndio wa asili zaidi?

Jibu: Muulize jambo moja tu: maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Kuganda peke yake hakutoshi kuua vimelea vya bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe kutupa mimba na kumletea binadamu homa za kuja na kuondoka na maumivu ya viungo. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia kwenye maziwa mabichi. Akijibu kwamba ameyachemsha na vyombo vyake ni safi, mnunulie.

Swali: Nyumbani nagandishaje?

Jibu: Chemsha lita moja mpaka maziwa yafure, epua, funika. Subiri yawe vuguvugu, ukishika sufuria kwa nje mkono ustahimili bila kuungua. Koroga humo vijiko viwili vya chakula vya mtindi mtupu wenye bakteria hai. Hiyo ndiyo mbegu. Funika, viringisha na kanga nzito au blanketi, uache saa 8 hadi 12. Asubuhi ukiinamisha chombo, maziwa yanajivuta kwa pamoja na maji ya kijani-njano yanajitenga pembeni. Weka kwenye friji, na bakiza vijiko viwili vya mbegu ijayo.

Njia hii hii inaupima mtindi wa dukani. Ukiufanya mbegu na maziwa yakabaki maji, basi ama uliuweka maziwa yakiwa moto mno, ama bakteria wake walishakufa.

Swali: Sina uwezo wa maziwa kila siku. Togwa inafaa?

Jibu: Inafaa, na naipenda kwa moyo wote. Unapika uji mzito, unaupoza, unakoroga unga wa kimea cha ulezi. Mwiko uliokuwa unakwama unaanza kuteleza, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinavunja wanga. Ukiacha usiku kucha, bakteria wanaleta ule uchachu unaowazuia vimelea vingi vya kuharisha. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha mwaka 1994 utafiti wa hapa Tanzania: watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kwa nadra kuliko waliolishwa uji wa kawaida.

Kimea chenye ukungu kitupe. Sumukuvu haitoki kwa kupika wala kuchachusha. Na togwa ikikaa siku nyingi inageuka pombe, usimpe mtoto.

Swali: Mtoto aanze lini?

Jibu: Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo, vijiko vichache vya mtindi mtupu wa maziwa yaliyochemshwa, pamoja na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya. Akiharisha, ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi) na zinki ndiyo tiba. Mtindi haushiki nafasi yake.

Swali: Natumia antibayotiki. Ninywe mtindi?

Jibu: Unaweza, ila si pamoja na kidonge. Siprofloksasini na tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu ya maziwa, dawa ikashindwa kuingia mwilini vizuri. Muulize mfamasia uachanishe kwa saa ngapi, na umalize dozi.

Kwa aliye kwenye matibabu ya saratani au ambaye kinga yake imeshuka sana, azungumze na daktari kwanza kuhusu vinywaji vyenye bakteria hai. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku kwa maumivu, weka glasi chini uende kituo cha afya ukapimwe.