Hakuna namba tasa ya mwisho

Kila rekodi mpya inapotangazwa naletewa habari ileile: "wameipata namba tasa kubwa kuliko zote duniani." Hapana. Namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, haina kubwa kuliko zote; iliyotangazwa Oktoba 2024 ni kubwa kuliko zote tunazozijua, basi. Ni 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, na aliyeipata ni Luke Durant kupitia GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaotafuta namba tasa za aina hii kwa kompyuta. Ukiiandika kwa binari, yaani kwa tarakimu 0 na 1 pekee, ni tarakimu 1 tupu, 136,279,841 kwa mfululizo.

Rekodi iliyotangulia, ya 2018, ilikuwa 2^82589933 − 1. Mwanahisabati Chebyshev alishathibitisha katika karne ya 19 kwamba kati ya namba yoyote kubwa kuliko 1 na maradufu yake lazima pawe na namba tasa. Sasa hesabu: kutoka rekodi ile hadi hii, umeongeza maradufu zaidi ya mara milioni 53. Kwa hiyo kati yao kuna namba tasa zaidi ya milioni 53, tena huo ni ukadiriaji wa chini mno. Siku ya tangazo hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ikijulikana.

Wanaokubali kwamba namba tasa hazina mwisho nao wana kosa lao, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata walimu hulifundisha. Husema Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale aliyethibitisha jambo hilo, alizidisha namba tasa zote, akajumlisha 1, akapata namba tasa mpya. Haya, jaribu: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ni 30,030. Jumlisha 1. Je, 30,031 ni tasa? Si tasa, ni 59 × 509. Hoja ya Euclid ni kwamba 30,031 ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile sita, linabaki 1, hivyo vigawo vyake tasa lazima vitoke nje ya orodha. Namba mpya hapa ni 59 na 509. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini ukiikosea, uthibitisho wote umeanguka.

Kosa pacha: kudhani kipeo p kikiwa tasa, basi 2^p − 1 nayo ni tasa. Zile za umbo hili ambazo kweli ni tasa huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa. 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Mwaka 1644 Mersenne mwenyewe aliiweka 2^67 − 1 kwenye orodha yake ya namba hizo. Mwanahisabati Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vilitolewa na mwanahisabati Cole mwaka 1903.

Wapo pia wanaodhani rekodi hizi hulinda siri za benki. Hapana. Kwa kazi hiyo namba tasa za tarakimu mia tatu hivi zinatosha, na lazima ziwe hazijulikani.

Sasa, tunajuaje kwamba rekodi ni tasa? Kipimo cha Lucas na Lehmer kwa namba za umbo 2^p − 1 ni kifupi: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoipima, rudia mara p − 2. Ukiishia na 0, ni tasa. Lakini kwa kipeo cha rekodi hii hakuna binadamu anayeweza kuzipitia hatua zote. Tunaamini kwa sababu mashine tofauti na programu tofauti zimetoa jibu moja. Mimi nalikubali jibu hilo, ila sina hakika kwamba ni uthibitisho kwa maana ile niliyofundishwa. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba namba tasa za Mersenne hazina mwisho. Naamini hazina, lakini tunazozijua ni 52 tu, na kwa 52 siwezi kuitetea imani hiyo mbele ya mtu yeyote.