Antivirusi "ya kulipa": umemlipa nani?

Juzi nilikuwa komini ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi), nimesimama chini ya parasoli ya fundi mmoja nikisubiri chaja yangu. Papa mmoja (huku ndivyo tunavyomwita baba) alikuwa ameleta laputopu ya nyumbani, ile ya watoto. Fundi akaifungua, akatazama pembeni chini ya skrini, akatikisa kichwa: "Papa, hii yenye iko ndani ni ya bule, haina na kazi. Minakuwekea ya kulipa, dola tano tu." Papa akatoa noti. Fundi akaikunjua, akaiinua kwenye jua, akapitisha kidole ukingoni kutafuta kichaniko, maana noti ya dola ikichanika hata kidogo hapa hakuna anayeipokea. Aliporidhika akachomeka flashi yake na kuanza kazi.

Nilinyamaza. Mtu hamharibii mwenzake soko mbele ya mteja. Lakini neno hilo "ya kulipa" nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na leo nalisema.

Maana kwanza, haraka. Antivirusi ni programu inayokagua mafaili na mienendo ya kompyuta, inalinganisha inachokiona na orodha ya alama za programu haribifu zinazojulikana, na ikishuku kitu inakizuia. Virusi ni neno la Kilatini, sumu. Antivirusi ya bure ni ile ambayo mwenyewe aliyeitengeneza amekuruhusu kuitumia bila kumlipa. Ya kulipa ni ile ambayo mwenyewe amekuuzia ruhusa hiyo, yaani lisansi, kwa kawaida ya mwaka mmoja. Ni hayo tu. Soma tena neno "mwenyewe", kwa sababu ugomvi wangu wote uko hapo.

Tatizo linaanzia kwenye neno bure, ambalo sisi huku tunalitamka bule. Lina nyuso mbili. Kitu cha bure hakitozwi fedha. Lakini kazi bure ni kazi iliyopotea, mtu akihangaika bure hakupata kitu, na mtu bure ni mtu asiye na maana. Kwa hiyo ukisema "antivirusi ya bule" sikio la mteja limekwisha kusikia "antivirusi isiyofaa" kabla hujaeleza lolote. Fundi analijua hilo vizuri sana. Hakudanganya kuhusu bei, aliliacha neno lenyewe limdanganyie. Mfaransa anayo gratuit kwa kisichotozwa na inutile kwa kisichofaa, na sisi tunaochanganya lugha hizo mbili kutwa nzima tungeweza kukopa la kwanza, lakini hatukopi linapohitajika.

Neno tunalohitaji tunalo tayari, nalo ni matabishi. Ukinunua unga sokoni, muuzaji akishajaza kipimo na kumwaga kiganja kimoja juu yake, hicho kiganja ni matabishi. Hakuna anayekiita kitu bure kwa maana ya upuuzi. Ni unga uleule wa gunia lilelile, na muuzaji ametoa kwa hesabu: anataka kesho urudi kwake, usiende kwa jirani. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kireno, mata-bicho. Mata ni kuua, bicho ni mdudu. Ilikuwa glasi ya pombe kali ya asubuhi, ya kuua mdudu tumboni, na Angola na Msumbiji hadi leo chakula cha asubuhi kinaitwa matabicho. Hapa kwetu lilihama: kutoka glasi hadi bakshishi, kutoka bakshishi hadi kiganja cha juu, na kwa bahati mbaya hadi kwenye ile bahasha inayopita chini ya meza ofisini. Sikumbuki neno jingine linaloielezea antivirusi ya bure kwa ukamilifu namna hii. Ni kiganja cha juu, na ni muua-mdudu.

Na hesabu yake ni ileile ya sokoni. Mwaka 2001 kampuni ya Alwil ya Prague, watengenezaji wa Avast, ilikuwa na hali mbaya ya fedha. Ikaamua kuigawa programu yake ya msingi bila malipo, na kuuza nyongeza. Mwaka 2004 ilikuwa na watumiaji milioni moja, 2006 milioni 20. Leo Avast, AVG, Avira na Norton ziko chini ya mwavuli mmoja, kampuni ya Gen Digital, kwa hiyo anayebishana kwamba hii ya bure ni takataka na ile ya kulipa ni dawa huenda anabishana kuhusu magunia mawili ya duka moja. Katika programu kadhaa kati ya hizo zinazojulikana, injini inayotafuta virusi ni moja kwenye toleo la bure na la kulipa. Unacholipia ni vinavyoizunguka: VPN (njia ya siri ya kupitia intaneti), hifadhi ya manenosiri, udhibiti wa watoto, vifaa vingi kwa lisansi moja, mtu wa kukujibu ukikwama, na kutosumbuliwa na matangazo ya "nunua sasa". Kama unavihitaji, lipa. Kama huvihitaji, hujapungukiwa. (Angalia tu bei ya mwaka wa pili, maana ile ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo.)

Nisiipambe sana matabishi. Yapo yenye bei iliyofichwa. Avast hiyohiyo ilikutwa ikikusanya historia za watumiaji za kutembelea tovuti na kuziuza kupitia tawi lake la Jumpshot. Waandishi wa habari waliifichua Januari 2020, tawi likafungwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza dola milioni 16.5. Na bure au si bure, zote zinakula mega, yaani data ya intaneti. Anayezima masasisho ili kuokoa forfe yake, kifurushi chake cha mega cha wiki, anabaki na orodha ya virusi ya mwezi uliopita, hata kama lisansi yake ni ya dhahabu.

Halafu kuna ile ambayo watu hawaihesabu kabisa, iliyomo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Hiyo si bure wala si matabishi, bei yake imo ndani ya bei ya Windows. Kama Windows yako nayo ni ya krake, yaani ya kuvunjwa kufuli bila lisansi, hiyo ni hadithi nyingine, leo naiacha.

Sasa turudi kwa fundi na flashi yake. Alichoweka kwenye laputopu ya yule papa hakikuwa cha bure wala cha kulipa. Kilikuwa cha krake: programu ya kulipa iliyovunjwa kufuli. Mwenyewe hakuruhusu, mwenyewe hakulipwa. Dola tano zilibaki chini ya parasoli. Kuliita hilo "ya kulipa" kwa sababu umetoa pesa ni sawa na kumlipa msukuma mkokoteni aliyekuletea gunia la wizi, kisha ukasema gunia umelinunua.

Na si suala la haki ya mtengenezaji peke yake. Jirani yangu, mama anayechapa memwari (tasnifu za kumaliza masomo) za wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu, alinipigia simu siku moja: mwanafunzi alikuwa amechomeka flashi, na folda zote zikageuka vijialama vyenye kishale, ukibofya hakuna kitu. "Lakini, yaya, mie niko na antivirusi ya kulipa," akaniambia (yaya huku ni dada au kaka mkubwa), na kwa kweli alama yake ilikuwapo pale chini kulia, imetulia kama askari aliyelala wima. Nikaifungua. Sasisho la mwisho: miezi kumi na mmoja nyuma. Nikabofya kitufe cha kusasisha, ikajibu kwamba lisansi imezuiwa. Nikaenda kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa kukaguliwa, nikakuta folda nzima iliyowekwa na ile krake, ili isijikamate yenyewe. Nikafungua usalama wa Windows: ulinzi wake umezimwa, kwa sababu Windows ikiona antivirusi nyingine imejiandikisha, yake inajiweka pembeni. Na hata bila hilo ungekuwa umezimwa, maana sharti la kwanza kwenye karatasi ya maelekezo ya krake ni lilelile kila mara: kwanza zima antivirusi.

Yaani alilipa dola tano ili aondolewe mlinzi aliyekuwa macho na kuwekewa picha ya mlinzi.

Niliiondoa, nikawasha ile ya Windows, nikaiacha isasishe kwa mega zangu, ikakamata minyoo, virusi vinavyojinakili vyenyewe, kwenye flashi tatu kati ya nne zilizokuwa mezani. Folda za yule mwanafunzi hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimefichwa tu. Sikutoza kitu, mama akanifungia mihogo.

Chaja yangu ilipokuwa tayari pale Kenya, papa alikuwa amekwisha kuondoka na laputopu yake kwapani. Nikamwambia fundi, kwa upole, kwamba kuweka antivirusi ni kazi, na kazi inalipwa: mkono wake una bei, muda wake una bei, mega zake zina bei. Amwambie mteja kwamba dola tano ni za kuweka na kusasisha, na antivirusi yenyewe mwenyewe ameruhusu. Akacheka.

"Yaya, nikisema iko ya bule, nani atatoa dola?"

Nikamwambia ajaribu kusema ni matabishi.