Azola Haishi kwa Maji Matupu

"Daktari, si ulisema azola inahitaji maji tu?" Sijawahi kusema hivyo. Azola ni mmea mdogo unaoelea majini, ambao wafugaji huukuza wawalishe kuku na mifugo mingine. Wafugaji wa Ruai na Utawala, hapa Nairobi, wamerudia maneno haya mpaka yamenichosha. Mtu anatandika karatasi ya plastiki, anajaza maji ya mfereji, anamwaga azola ya kuanzia aliyoinunua kwa pesa nzuri, halafu ananitumia picha: imegeuka nyekundu.

Mara nyingi imeshikwa na njaa. Ndani ya majani ya azola huishi bakteria, Nostoc azollae, wanaonasa naitrojeni ya hewani na kumlisha mwenyeji wao. Watu wamesikia habari hiyo nusunusu, wakadhani chakula chote hutoka hewani. Fosforasi haitoki hewani. Ikikosekana, majani hudumaa na mizizi hurefuka kupita kiasi. Wekundu peke yake si ushahidi, maana jua kali huuleta, na baridi ya Julai pia. Kwa hiyo weka kishada kimoja kiganjani, kigeuze, utazame mizizi kabla ya kunipigia.

Dawa yake ni samadi ya ng'ombe: ikoroge ndooni, ichuje kwa gunia, umwage maji yake kidogokidogo. Mbolea ya yurea iache dukani, utanenepesha mwani. Kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha, maji yawe yametulia, maana mawimbi huimega. Na tafadhali, funika nusu ya kidimbwi kwa neti ya kivuli. Hili nalisema kila mara na kila mara napuuzwa. Azola ikishafunika maji yote, vuna. Ikilundikana, ya chini huoza.

"Azola ni yale magugu ya Nairobi Dam." La. Yale ni gugu maji, hutoa maua ya zambarau. Azola ni kangaga (fern): haina ua wala mbegu ya kweli, huongezeka kwa spora na kwa kumeguka vipande.

"Basi nikachote Ziwa Naivasha, bure." Hapo hasira hunipanda. Kangaga linalojulikana sana kule ni Salvinia molesta, lililotoka Brazil na kuonekana ziwani tangu miaka ya 1960, likasumbua hadi wakaletwa wadudu wa kulila. Majani yake ni makubwa, yana vinyweleo juu. Kipande kimoja kikiangukia bwawa la jirani, umemharibia.

Azola ya kwenye mitaro ya maji taka usimpe mnyama yeyote. Azola hunyonya madini mazito, risasi ikiwemo.

"Inamaliza mbu." Zulia zito hupunguza mazalio, lakini mwanya mdogo tu unawatosha. Tena wapo mbu wa Mansonia, ambao viluwiluwi wao hupumua kwa kujishikiza kwenye mizizi ya mimea ya majini.

"Kuku wale azola pekee, nipumzike kununua chakula." Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za azola mbichi ni maji. Kuku atajaza tumbo na mayai yatapungua. Changanya kidogo na chakula chake cha kawaida, na uisuuze kwanza kwa maji safi, maana ile harufu ya samadi kuku wengine huisusa.