Kisu cha Gharama: Kitumike au Kiwekwe?

Kisu cha bei kubwa huleta swali ambalo kisu cha kawaida hakileti. Cha kawaida unakitoa kwenye karatasi yake, unakata, basi. Cha gharama unakigeuzageuza kwenye mwanga, unapima uzito wake kiganjani, kisha woga unaingia. Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande, na sehemu kubwa yake haina msingi. Niseme mapema kwamba mimi nina upande: visu vingi vinavyofungiwa kabatini vilistahili kufanya kazi, na vile vichache vinavyostahili kufungiwa mara nyingi havitunzwi inavyotakiwa.

Dhana: Kisu kisichotumika hakiharibiki

Akiba haiozi, walisema wahenga, ila hawakuwa wakizungumzia chuma. Kutu haingoji kisu kifanye kazi. Inataka hewa na maji tu, na hewa yenyewe huwa na maji ya kutosha. Unyevu wake ukipita takriban asilimia 60, kutu huongeza kasi. Jasho la vidole nalo lina chumvi: ukikishika kisu cha chuma cha kaboni, yaani chuma cha kawaida kinachoshika kutu, kwenye ubapa na kukirudisha hivyohivyo, baada ya muda unaweza kuona alama ya kidole chako imejichora pale, mistari na yote.

Kisu kinachotumika huoshwa, hukaushwa, hutazamwa, kwa hiyo doa hugundulika likiwa bado dogo. Kilichofungiwa hakitazamwi na mtu.

Mahali pabaya kuliko pote pa kukihifadhi ni palepale ambapo wengi hupaona ndipo penyewe, yaani ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hutengenezwa kwa dawa zenye asidi na chumvi, na juu ya hayo hunyonya unyevu na kukaa nao. Chuma hushika madoa, na kama kinga ya mkono ni ya shaba, hugeuka kijani. Ala ni ya kubebea. Kisu kikishafika nyumbani, kitoke.

Adui mwingine hukaa kwenye mpini. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, visu vingi vya kukunja vilitiwa mipini ya seluloidi, plastiki ya mwanzo iliyoweza kuiga pembe, gamba la kobe au lulu kwa rangi za kupendeza sana. Seluloidi ikianza kuchakaa hutoa mvuke ambao, ukikutana na unyevu, huwa asidi ya naitriki. Wakusanyaji huufahamu ugonjwa huu. Mpini hupasuka nyufa ndogondogo kama udongo mkavu, rangi yake hufifia, harufu kali hutoka ukifungua kisanduku, na bapa hula kutu kuanzia pale linapolala ndani ya mpini. Kibaya zaidi, mvuke huo huvila hata visu vya jirani. Kisu ambacho hakijawahi kukata chochote kinaweza kuoza pamoja na wenzake wote kwa sababu tu kilifungiwa vizuri mno, bila hewa. Visu vya namna hiyo vitengwe, na viwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, maana seluloidi huwaka haraka mno.

Kuhifadhi, basi, ni kazi. Bapa lifutwe, lipakwe mafuta mepesi ya madini au nta. Wajapani wana desturi ya kutumia mafuta ya mbegu za kamelia, na makumbusho mengi hutumia Renaissance Wax, nta iliyobuniwa British Museum katika miaka ya 1950. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huganda na kunata. Kila baada ya miezi michache kitolewe, kikaguliwe, kipakwe tena. Asiye tayari kufanya hivyo hahifadhi kisu, amekisahau tu.

Dhana: Kikiwa ghali leo, kesho kitakuwa ghali zaidi

Hii ndiyo inayowafungia watu wengi visu vyao, na kwa wengi wao si kweli. Kisu cha kiwandani, hata kama bei yake inatisha, kiwanda kinaendelea kukitoa. Mwenye kutaka kipya atanunua kipya, na chako, hata kama hakijaguswa, atataka umpunguzie. Kukiweka miaka 10 hakubadilishi hesabu hiyo isipokuwa kiwanda kimeacha kukitengeneza na watu bado wanakitafuta, na hilo hakuna anayeweza kukuhakikishia siku unaponunua.

Vinavyopanda kweli ni vichache, na kwa kawaida hubeba jina la fundi mmoja aliyevitengeneza kwa mkono. Bob Loveless wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010, ni mfano ambao kila mkusanyaji atakutajia: visu vyake vilikuwa vikitafutwa angali hai, na alipofariki idadi yake ikafungwa. Kama unacho cha fundi wa kiwango hicho, usikinoe, usikisugue, usikate nacho. Hapo wenye msimamo wa kuhifadhi wana haki kabisa, na makali yaleyale aliyoyaacha fundi ni sehemu ya kinacholipiwa.

Kuna na mtego wa sheria. Mwaka 1989 tembo wa Afrika waliwekwa kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na tangu hapo biashara ya pembe zao kati ya nchi na nchi imebanwa. Kisu chenye mpini wa pembe za ndovu, hata kiwe kizuri namna gani, kinaweza kukukalia mkononi bila njia halali ya kukiuza nje ya mipaka.

Dhana: Kukitumia ni kumvunjia heshima aliyekitengeneza

Waulize wahunzi wenyewe. American Bladesmith Society, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, kina mtihani wa vitendo kwa mhunzi anayetaka kupanda daraja. Kisu alichokifua hukata kamba inayoning'inia, nene kama sentimita 2.5, kwa pigo moja. Kisha hukatakata ubao wa ujenzi mpaka uachane vipande, mara mbili. Baada ya kibarua hicho, makali yaleyale lazima yaweze kunyoa nywele za mkono. Mwishowe kisu hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90, na kisivunjike. Mtihani ukiisha, kisu kile kimekwisha pia. Watu wanaopimana ustadi kwa njia hiyo hawatakasirika ukikatia kitunguu.

Wapo mafundi wa mapambo, kweli, wanaochonga dhahabu na kupachika vito kwenye mpini. Kazi yao unaitambua mara moja: hakuna pa kushika bila kuogopa kuharibu. Hicho kiweke.

Dhana: Kisu ghali hakina haja ya kunolewa, na hakivunjiki

Visu vizuri vingi huharibiwa na imani hii. Ugumu wa chuma hupimwa kwa skala ya Rockwell, na visu vingi vya jikoni vya Ujerumani huwa kwenye 56 hadi 58, ilhali vingi vya Japani huanzia 60 na kuendelea. Pointi chache hizo zina maana kubwa. Chuma kigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu na huweza kunolewa kwa pembe nyembamba zaidi, lakini hakipindi kikizidiwa: kinameguka. Ukigonga nacho mfupa, ukikata kitu kilichoganda kwa barafu, au ukikipindisha ndani ya kitu kigumu kama unayebandua, utabaki na pengo kwenye makali, dogo kama ukucha wa mtoto, na pesa ulizolipa ndizo zilizolileta. Kisu cha bei ya chini kingepinda kidogo, ukakinyoosha, mambo yakaendelea.

Kwa hiyo kukitumia ni sawa, ila kwa kazi yake. Ubao wa kukatia uwe wa mti au plastiki. Kioo, jiwe na sahani ya kauri huua makali kwa siku moja. Mashine ya kuosha vyombo nayo imeua visu vingi kuliko kazi yoyote: joto, dawa kali, na kugongana na vijiko.

Dhana: Kila ukinoa, unakimaliza

Kidogo sana. Kwenye kinoo kizuri unaondoa chuma chembamba mno, na dalili kwamba umefika unaipata kwa kidole gumba: ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea ukingoni (kamwe usikiburute kufuata makali), unahisi mkwaruzo mdogo upande wa pili, chuma kilichokunjika. Ukiuhisi tangu kwenye kisigino cha kisu hadi nchani, geuza upande. Wapishi wa samaki wa Japani hunoa visu vyao karibu kila siku, na baada ya miaka mingi bapa refu huwa limepungua wazi hata likageuzwa kufanya kazi ndogo. Anayenoa mara chache kwa mwezi jikoni kwake hatafika huko upesi, na akifika, atakuwa amepata kila alicholipia.

Kinachomaliza kisu ni mashine za kunolea za kuvuta, zile zenye magurudumu ndani ya tundu. Hizo hukwangua chuma ovyo.

Dhana: Chuma kikibadilika rangi, kimeharibika

Kisu cha chuma cha kaboni kikikata nyama, tunda au kitunguu, huanza kushika rangi: kijivu kwanza, halafu mabaka ya bluu, wakati mwingine zambarau kama mafuta juu ya maji. Utando huo hukipunguzia kisu uwezekano wa kushika kutu nyekundu, na wapo wanaoufanya makusudi kwa siki. Kutu nyekundu, ya rangi ya matofali, hiyo ndiyo ya kuondoa mara moja. Kwenye kisu cha zamani chenye thamani, kusugua utando huo ili king'ae ni kosa ambalo mnunuzi ataliona kabla hujamaliza kusalimia.

Na tusidanganyane kuhusu vyuma visivyoshika kutu. Harry Brearley alipata chuma cha namna hiyo Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa kuongeza kromiamu, na leo kiwango chake cha chini kabisa katika chuma hicho ni asilimia 10.5. Kromiamu huchelewesha kutu, haiifukuzi milele. Chumvi ikikaa juu yake usiku kucha itachimba vishimo.

Dhana: Mistari ya Damasko ndiyo ukali wenyewe

La. Mistari ya Damasko ni ile michirizi kama mawimbi inayotokea vyuma tofauti vikipangwa tabaka kwa tabaka. Katika visu vingi vya jikoni vyenye mistari hiyo, tabaka za pembeni ni vazi. Ukiona tangazo la tabaka 67, mara nyingi ni 33 kila upande na moja katikati, na hiyo moja ndiyo inayokata. Mistari yenyewe huonekana kwa sababu bapa lilichovywa kwenye asidi, ikala chuma kimoja zaidi ya kingine. Matumizi yataififisha, msasa zaidi, na fundi anaweza kukichovya tena ikarudi. Kama mistari ndiyo uliyoilipia, una sababu ya kukiweka. Kama ulilipia kukata, umeshajibiwa.

Dhana: Lazima uchague leo

Kilichowekwa kinaweza kutumika mwakani, kilichotumika hakirudi kuwa kipya, kwa hiyo anayesitasita anaweza kungoja bila hasara, mradi akipake mafuta. Na aliyeamua kukitumia asitupe sanduku, risiti wala cheti cha fundi: mnunuzi wa baadaye huvilipia. Piga picha kabla ya kunoa mara ya kwanza, pande zote mbili na muhuri wa fundi kwa karibu. Kisha andika kwenye kadi aina ya chuma, jina la fundi na jinsi kinavyooshwa, uiweke kwenye sanduku hilohilo, kwa ajili ya yule atakayekirithi na ambaye, pasipo kuambiwa, atakitia kwenye mashine ya kuosha vyombo.