Kuteka si kumiliki: wanapokosea wachezaji wa Civilization

Mchezaji wa Civilization, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu, akishaona adui anaomba kusalimu amri, hujiona sultani tayari. Makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Dola likikuinamia, limekuwa mali yako.

Ukweli: Mfumo wa madola tegemezi, yaani dola moja kuwa chini ya jingine bila kumezwa, uliingia kwenye Civilization IV mwaka 2006, kupitia nyongeza iitwayo Warlords, na hufunguka kwa teknolojia ya Ukabaila. Dola tegemezi hubaki na miji yake, jeshi lake na hazina yake. Huliamulii lijenge nini. Lilichopoteza ni kauli juu ya vita na amani: ukipigana linapigana, ukipatana linapatana. Unaweza kulidai rasilimali, tuseme chuma au farasi, lakini likigoma, ni vita.

Tena madola haya ni ya aina mbili, na wengi huyachanganya. Kuna lililopigwa likasalimu amri, na kuna lililokuja lenyewe kutafuta kivuli kwa sababu jirani analitisha. Hili la pili linaweza kujiondokea baada ya zamu 10. La kwanza limefungwa kwa kamba ngumu zaidi. Hutoka likikua mpaka ardhi na watu wake wafikie nusu ya vyako, au likinyang'anywa nusu ya ardhi liliyokuwa nayo siku liliposalimu. Liangalie vizuri sharti hilo la mwisho: bwana asiyeweza kumlinda mtu wake hana haki ya kumshika.

Dhana: Anayekuja mwenyewe kuomba hifadhi ni zawadi ya bure.

Ukweli: Ukimpokea akiwa vitani, vita vyake ni vyako zamu ileile. Mimi niliwahi kubonyeza "ndiyo" kwa tamaa ya miji yake minne. Sikuangalia anapigana na nani. Zamu iliyofuata nilikabiliwa na jeshi la adui mara tatu ya langu mpakani.

Dhana: Ushindi wa mabavu unataka kila mpinzani afutwe kwenye ramani.

Ukweli: Hapana. Katika Civilization IV inatosha wote waliobaki wawe chini yako. Anayefukuzia ushindi wa kutawala sehemu kubwa ya dunia, yeye huhesabiwa nusu tu ya ardhi na watu wa madola yake tegemezi.

Dhana: Kuukomboa mji ni kupoteza jasho lako.

Ukweli: Katika Civilization V, ya mwaka 2010, ukiuteka mji ambao adui aliupora kwa mwingine, unapewa nafasi ya kumrudishia mwenyewe. Kama mwenyewe alikwisha kufutwa kabisa, hufufuka na kurudi mchezoni, akijua ni nani aliyemtoa kaburini. Mji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala, ukikombolewa huwa mshirika wako papo hapo, na kura ya ushindi wa kidiplomasia ikifika, hilo si jambo dogo. Sifa yako ya ugomvi nayo hupungua mbele ya wengine. Ukiubakiza kwako, unakukaribisha kwa ghasia za zamu kadhaa na wananchi wenye manung'uniko mpaka ujenge mahakama.

Uamuzi huo hutolewa mji unapoanguka tu. Anayesema "nitaukomboa baadaye" ameshachagua kuumiliki. Pwani yetu inakijua kisa hiki: watu wa Mombasa waliwaita Waomani wawaondolee Wareno, Fort Jesus ikaanguka mwaka 1698, na wakombozi wakaweka liwali wao.

Kuna mahali pamoja ambapo ukarimu huu utakugharimu mchezo. Ushindi wa kijeshi wa Civilization V huhesabiwa kwa miji mikuu ya asili, ile iliyoanzishwa mwanzo na kila taifa. Ukiurudisha mmoja kwa mwenyewe, itabidi umgeukie tena huyohuyo uliyemfufua.