Sikio la Rubani Gizani

Kabla sijaruka usiku na mwanafunzi wa urubani kwa mara ya kwanza, namkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, namfunga kitambaa machoni, kisha nakizungusha kwa mwendo usiobadilika. Baada ya nusu dakika hivi huniambia kiti kimesimama. Hakijasimama. Nikikisimamisha kweli, hushikilia kwamba sasa kinazungukia upande wa pili. Hapo ndipo namsimulia habari za vijana wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 katika vita hivyo. Zaidi ya 8,000 kati yao hawakuuawa na adui. Walikufa katika ajali, wengi wakiwa bado mafunzoni. Sababu zilikuwa nyingi: injini zilizochoka, maana ndege zilizokwisha kutumika vitani ndizo zilizopelekwa shuleni, vilima vilivyofichwa na mawingu, ujana wa kuruka chini chini ili waonekane. Lakini iliyoniuma zaidi ni ajali ya dakika ya kwanza baada ya kuruka usiku.

Taa zote za vijiji na miji zimezimwa kwa kuogopa mabomu. Ndege inaacha ardhi vizuri, injini zinavuma sawasawa, inaanza kupanda. Halafu inainama polepole na kujipigiza chini, pengine kilomita chache tu kutoka uwanjani. Mwaka 1946 A. R. Collar, mtafiti wa masuala ya ndege wa Uingereza, alieleza jambo hilo kwa hesabu.

Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno vilivyolala juu ya utando wa uteute. Ukiinua uso kutazama juu, huvutika kuelekea kisogoni, na ubongo hujua kichwa kimelala nyuma. Ndege inapoongeza kasi, vijiwe hivyohivyo huvutika vilevile, na sikio haliwezi kutofautisha. Mchana, macho hulisahihisha. Gizani, rubani huhisi pua ya ndege imeinuka kupita kiasi, naye husukuma usukani mbele. Ndege inashuka, kasi inazidi, na ile hisia ya kupanda inazidi nayo. Kijana wa watu anafika ardhini akiamini anapanda.

Wengi wa vijana hao walikuwa wamefundishwa Kanada au Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), kwenye anga kunjufu, mbali na vita na giza lake.

Kinga ya kosa hilo la sikio ilikuwa imeshabuniwa. Edwin Link wa Binghamton, New York, mtoto wa mtengeneza vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda akaunda kijindege kisichoondoka chumbani. Jeshi la Marekani lilinunua 6 mwaka 1934, baada ya marubani wake waliopewa kazi ya kubeba barua kufa kwa wingi ndani ya wiki chache za hali mbaya ya hewa. Mwanafunzi alifunikwa asione nje, akabaki na saa za dashibodi, yaani vipimo vya ndege, peke yake.

Nikiruka na mwanafunzi kuelekea baharini usiku usio na mwezi, namtaka anisomee saa hizo kwa sauti: kasi, upeo, kimo, mpaka tuvuke futi 1,000. Mara nyingine sauti hutetemeka, na naona mkono wake unataka kusukuma.

“Soma tena, mwanangu,” namwambia. Anasoma tena.